Geji ya mafuta inakudanganya? Pima kwanza kabla hujanunua senda

Wakuu habari za mihangaiko. Leo naongelea geji ya mafuta kwa sisi wenye magari ya zamani, Corolla za miaka ya tisini, Mark II, Hilux, Land Cruiser mkonga, Noah na hizi Probox zinazobeba abiria vijijini, maana hapa Tabora haipiti muda utasikia mtu kazimikiwa porini mshale unaonyesha robo, au mwingine kalipia senda nyingine (kile kifaa cha ndani ya tenki kinachopima mafuta), kafungiwa, na mshale umelala vilevile.

Na kwetu huku kuishiwa mafuta sio kama mtu wa Dar ambaye gari ikizima anaita boda, kidumu kinaletwa, safari inaendelea. Ukishatoka Sikonge ukapita Ipole kuelekea Inyonga na Mpanda ni msitu mrefu, Kaliua kwenda Uvinza nako hivyo hivyo, mtandao unashika unaachia, na kama ni usiku una watoto ndani ya gari basi hapo ni presha tupu. Ndio maana mimi geji ya mafuta naiweka fungu moja na breki na taa, sio kitu cha kusema "nitatengeneza nikipata hela".

Sasa kabla hata hujashika bisibisi, anza na hili: acha kuhesabu mafuta kwa hela, hesabu kwa lita. Wengi tunaumia hapa. Mtu anaingia sheli anasema niwekee ya ishirini, kesho ya kumi, keshokutwa ya kumi na tano, ukimuuliza tenki lako linabeba lita ngapi hajui, lita moja inakupeleka kilomita ngapi hajui, anachojua ni kwamba elfu ishirini huwa inamfikisha Urambo. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Kigoma haiwezi kuwa sawa na ya Dar kwa sababu mafuta yamesafiri. Tuseme lita ilikuwa 3,000, elfu ishirini ilikupa lita 6.7 hivi, ikipanda ikawa 3,300 elfu ishirini ile ile inakupa lita 6 na kidogo, yaani zimeshapungua kilomita saba hivi kwa gari ndogo na wewe hujui, na geji yako mbovu haikwambii chochote.

Kwa hiyo fanya fulu kwa fulu. Jaza tenki mpaka bunduki ya pampu ikate yenyewe, usilazimishe kuongezea, sifurisha kile kihesabu kidogo cha safari kwenye dashibodi, tembea zako kama kawaida, halafu rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, jaza tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Mfano umeenda Nzega na kurudi, Tabora mpaka Nzega ni kama kilomita 115, kwa hiyo jumla 230, zimeingia lita 19, basi gari yako inakwenda kilomita 12 kwa lita. Rudia mara kadhaa, moja ya lami, moja ya mizunguko ya mjini, na moja ya vumbi ukiwa na mzigo, utaona namba zinavyotofautiana na ndio uzuri wake, wewe utumie ile ndogo kabisa. Corolla nyingi za miaka ile tenki ni lita 50, mimi ningekushauri zile lita 10 za chini uzifute kichwani kabisa, usizihesabu, zinabaki 40, mara 12 ni kilomita 480, basi jipangie kujaza ukifika 400. Hapo hata mshale ukifa kabisa huwezi kuzimikiwa.

Kama kihesabu cha kilomita nacho hakifanyi kazi, na magari mengi ya umri huu waya wa spidi ulishakatika, tumia umbali unaoujua (Urambo ni kama kilomita 94 kutoka hapa mjini) au fungua ramani kwenye simu. Na kama umefunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, hasa wenye Land Cruiser, jua kilomita zinazosomeka ni pungufu ya zile ulizotembea kweli, linganisha na mawe ya kilomita ya pembeni mwa barabara upate tofauti yake. Chagua pia sheli yenye stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu, maana hesabu yote hii inasimama kwenye lita ya kweli.

Haya, tuje kwenye geji yenyewe. Ndani ya tenki kuna boya, mafundi wengi wanaita floti, kama lile la kwenye simtenki, limeshikwa na mkono wa waya mgumu. Mafuta yakipanda boya linapanda, mkono unasukuma kidole cha chuma ambacho kinateleza juu ya ukanda mwembamba wa umeme, na upinzani wa umeme unabadilika kutokana na kidole kiko wapi. Hiyo ndio senda. Kwenye Toyota nyingi za zamani ni kama omu 3 (omu ndio kipimo cha upinzani huo) tenki likiwa limejaa na karibu 110 likiwa tupu. Umeme huo unakwenda kwenye geji ya dashibodi, mshale unasogea. Basi, hakuna kompyuta wala nini.

Sasa ona, yule anayeweka ya kumi kila siku, boya lake linaishi chini ya robo mwaka mzima. Kidole kinasugua sehemu ile ile ya ukanda, kwenye barabara za makorongo kinatetemeka pale pale, ukanda unalika pale pale. Matokeo yake geji inasema kweli ukijaza na inaanza kudanganya mafuta yakishuka, na kule chini ndiko unakoihitaji. Kuishi na tenki lenye angalau nusu kunasaidia senda na kunasaidia pampu pia, nitaieleza mbele.

Kabla ya kusema ni mbovu jua na vitu ambavyo sio ugonjwa. Mshale kukaa kwenye F muda mrefu halafu kuanza kushuka haraka baada ya nusu ni kawaida kwa magari mengi, tenki sio boksi la mraba, juu pana chini pembamba na kuna mabonde ya kupisha ekseli. Mshale kupanda taratibu ukiwasha swichi ni kawaida, geji nyingi za zamani zinafanya kazi kwa kupashwa moto ndani, mpe dakika moja atulie. Na usisome geji gari ikiwa imeinama, watu wa Kigoma mjini mnanielewa, ukiwa kwenye mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni mshale utakuambia kitu kingine kabisa na ukifika chini pamenyooka unabadilika.

Ugonjwa wenyewe unaujua hivi. Mshale ukicheza cheza kwenye makorongo na ukitulia barabara ikiwa nzuri, shuku ukanda uliolika au ethi iliyolegea, yaani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Mshale ukishtuka unapowasha taa kubwa au indiketa, hiyo ni ethi ya dashibodi, hata usiende kwenye tenki. Geji ya mafuta na ya joto zote mbili zikisoma ajabu kwa pamoja, zote juu au zote chini, hapo usiguse senda, kuna fyuzi, au kile kidude kinachotuliza umeme wa geji nyuma ya dashibodi kwa magari yanayokuwa nacho. Mshale ukikwama sehemu moja, tuseme nusu, siku zote, mkono umekwama au boya linagusa tenki. Na hili la mwisho waangalie sana wanaopita vumbi, jiwe likipiga tenki kutoka chini likabonyea, boya haliwezi kushuka mpaka mwisho tena, geji itakuonyesha una mafuta na hakuna, na ujazo wenyewe umepungua. Lala chini uangalie tenki kwa macho yako.

Ile taa ya njano ya mafuta msiidharau. Kwenye Toyota nyingi za zamani inaendeshwa na kijisensa chake peke yake ndani ya tenki, sio na lile boya, kwa hiyo mshale unaweza kudanganya na taa ikasema kweli. Angalia kama inawaka ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, kwa gari ambazo zinaiwasha hivyo, kama haiwaki huenda balbu imeungua tu, na balbu ni hela ndogo sana kulinganisha na kulala porini Koga.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua tenki. Tafuta plagi ya waya za senda, kwenye gari ndogo nyingi iko chini ya siti ya nyuma, unainua siti, kuna kifuniko cha bati au mpira, chini yake unaona plagi juu ya tenki. Pikapu nyingi ni mpaka uingie chini. Futa vumbi lote kwanza kwa brashi na kitambaa, usije ukaliangusha kwenye tenki baadaye. Chomoa plagi uangalie ndani kama kuna kutu au ukijani, kwa mvua zetu za masika na tope la mbuga linaloganda chini ya gari, nusu ya matatizo yanaishia hapa, unasafisha plagi, unakaza, mshale unarudi.

Kama plagi ni safi, ukiwa umeichomoa washa swichi bila kupiga stata. Kwenye Toyota mshale unatakiwa ushuke E. Zima swichi. Sasa chukua waya wa geji kwenye ile plagi ya upande wa gari, uunganishe na bodi kupitia balbu ndogo, ile ya wati 3 hivi ya kwenye dashibodi, usiunganishe moja kwa moja maana unaweza kuunguza geji. Unganisha kwanza kila kitu, ndipo uwashe swichi, ili cheche isitokee pale juu ya tenki. Mshale ukipanda kwenda F, geji nzima na waya mzima, ugonjwa uko ndani ya tenki. Usipopanda, senda haina kosa, tafuta waya uliokatika au geji yenyewe, na mtu akikuambia ununue senda hapo mkatalie kwa adabu. Wenye magari yasiyo Toyota angalieni, kuna mengine yanasoma kinyume, waya ukichomoka mshale unaenda F.

Halafu zima swichi, rudisha plagi, upime ethi. Kwenye Toyota mara nyingi ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Vuta waya wa ziada kutoka hapo mpaka kwenye chuma safi cha bodi, mshale ukirudi kwenye hali yake basi umemaliza kazi kwa waya wa mita moja.

Ikibidi kufungua tenki, naomba msome hapa taratibu. Petroli yenyewe haiogopeshi kama mvuke wake, mvuke ni mzito, unatambaa chini na kukusanyika. Fanya kazi nje, mchana, milango yote wazi, sio ndani ya gereji yenye jiko la mama ntilie jirani au mtu anachomelea. Hakuna sigara, simu weka mbali, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Gari yenye EFI (ile ambayo pampu ya umeme inasukuma petroli kwa presha mpaka kwenye injini) chomoa fyuzi au rilei ya pampu, iwashe, iache izime yenyewe ili presha ya kwenye paipu iishe, ndipo utoe kichwa cha hasi cha betri. Tenki liwe na mafuta kidogo, na kama unayapunguza tumia pampu ya mkono, usinyonye kwa mdomo. Najua ndivyo tunavyofanya miaka yote, lakini petroli ikipitiliza ikaingia kwenye mapafu ni hospitali, na inaua.

Ukishafungua senda itoe kwa kuigeuza geuza, usivute, mkono ukipinda umejiongezea kazi. Kwanza boya. Litikise sikioni, ukisikia kimiminika ndani limetoboka, limezama, ndio maana geji ilikuwa E siku zote, hilo halitengenezwi kwa gundi, badilisha. Pili chukua testa ya kupimia omu, weka kwenye 200, shika waya mbili za senda, inua mkono kutoka chini mpaka juu polepole sana. Namba inatakiwa ishuke taratibu bila kuruka. Pale inaporuka au kupotea kabisa ndipo ukanda umelika, utapaona hata kwa macho, kuna mfereji umechimbika.

Ukanda mchafu tu unasafishwa kwa spiriti na pamba. Msasa hapana, ukanda ule ni mwembamba mno, unausafisha leo kesho umekwisha. Ukiwa umechimbika, fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kukipinda kidole kidogo sana pembeni kikapita njia mpya ambayo haijalika, inasaidia na inaweza kukutunza muda mzuri. Na kama geji inadanganya kwa kiasi kile kile juu na chini, tuseme siku zote inazidisha, hapo mkono umepinda, unaurudisha taratibu huku ukilinganisha na mshale.

Ikishindikana kabisa ndio unatafuta nyingine. Huku kwetu mara nyingi ni spea used inaagizwa Dar, inapandishwa kwenye basi. Tuma picha ya senda yako, urefu wa mkono, idadi ya waya, umbo la plagi, na umwombe muuzaji apime omu juu na chini akutumie kabla hujalipa. Senda ya modeli nyingine inaweza kukaa kwenye tundu vizuri kabisa na bado ikasoma uongo maisha yake yote kwa sababu omu zake ni nyingine au mkono ni mfupi. Nunua na gasketi mpya hapo hapo. Ile silikoni ya bomba inayouzwa hadi duka la vifaa vya ujenzi haivumilii petroli, inavimba na kuachia, halafu mnakaa na harufu ya mafuta ndani ya gari na watoto wamelala siti ya nyuma juu ya tenki. Ukimaliza kufunga, jaza, tembea kidogo, inua siti unuse, ukisikia harufu fungua upya hata kama jua limezama, au gari isitembee mpaka asubuhi.

Ila kabla ya kujaza huko, wakati tenki bado liko tupu, usipoteze hiyo nafasi, ndio wakati wa kuijua geji yako. Gari ikiwa pamenyooka, mimina lita 5 zilizopimwa, washa swichi, ngoja mshale utulie, andika umesimama wapi. Ongeza 5 nyingine, andika. Endelea mpaka ijae, au mpaka pesa yako ilipofika, hata lita 20 za kwanza tu zinatosha kwa kuanzia kwa sababu huko chini ndiko kwenye hatari. Karatasi ibandike ndani ya kile kisanduku cha mbele ya abiria ili hata dereva mwingine akichukua gari aone. Kuna watu watakuta robo ya geji yao ni lita 6 na wengine 15.

Wale wa EFI, pampu ya mafuta iko ndani ya tenki na inapozwa na mafuta hayo hayo, ukizoea kutembelea taa ya njano inavuta hewa, inachemka, inakufa kabla ya siku zake, na bei ya pampu mnaijua. Wa dizeli nanyi msiache likauke, upepo ukiingia kwenye paipu kuongeza mafuta peke yake hakutoshi. Likikauka, mimina lita za kutosha, sio moja wala mbili, nenda kwenye filta, piga ile pampu ya mkono ya juu yake mpaka iwe ngumu, legeza nati ya kutolea upepo kama ipo, mapovu yatoke mpaka yaje mafuta matupu, kaza, ndipo upige stata sekunde kumi kumi ukiipumzisha katikati isije ikakuulia na betri huko huko porini.